LDL 3.9: nianze dawa, au nipige kwanza picha ya mishipa ya moyo?

Mkazi wa Tanga
Habari zenu. Nina miaka 52, sivuti sigara, sina kisukari na presha yangu iko kawaida. Majibu ya damu yameonyesha lehemu (kolesteroli) ya jumla 6.0 na LDL, ile lehemu mbaya, 3.9, zote kwa mmol/L. Daktari amesema naweza kuanza statini, yaani dawa ya kushusha lehemu, au nipige kwanza picha ya CT inayopima kalsiamu iliyoganda kwenye mishipa ya moyo, ambayo itanilazimu kusafiri hadi Dar es Salaam na kuilipia mwenyewe. Kaka yangu alipata shambulio la moyo akiwa na miaka 58, na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Mnanishauri nini?

Mfamasia
Ndugu, LDL peke yake haiamui. Ingefika 4.9 ungeshauriwa dawa bila mjadala. Yako iko katikati, hivyo hutazamwa pamoja na umri, presha, sukari na historia ya familia. Miongozo ya Marekani humhesabu ndugu wa kiume aliyeugua kabla ya miaka 55, kwa hiyo habari ya kaka yako haina uzito wote unaouhofia. Picha ikitoa alama 0, yaani isipoona kalsiamu, mtu wa hali yako anaweza kuahirisha dawa. Ikifika 100, hushauriwa aanze. Lakini kama umekwisha kuamua kumeza dawa, au kuikataa kwa vyovyote, nauli hiyo itapotea bure.

Mpishi wa Pwani
Mwombe daktari apime pia homoni za tezi ya shingo, maana tezi hiyo ikizembea, lehemu hupanda. Kisha tazama sufuria: sisi watu wa pwani hutia tui katika wali, maharage na samaki siku hiyo hiyo moja, na mafuta ya nazi, pamoja na sifa zote yanazopewa mitandaoni, hupandisha LDL. Punguza, kisha rudia kipimo baada ya miezi mitatu. Kitunguu saumu na limau ni vya ladha tu.

Msomaji
Alama 0 isimpumbaze mtu: picha hiyo huona kalsiamu, haioni utando laini wa mafuta.

Mkazi wa Tanga
Nashukuru. Nitaanza na tezi na chakula. LDL isiposhuka nitakwenda Dar, kwa sababu alama 0 kweli ingenifanya nisubiri. Je, statini ni lazima inywewe usiku?

Mfamasia
Simvastatini, ndiyo. Atorvastatini na rosuvastatini hunywewa saa yoyote, mradi usibadilishe saa hiyo kila siku.