Tiyo ya kupandisha maji mita 180 shimoni: uzito wake niuweke wapi?

Fundi_Katuba:
Jambo yenu wote. Niko Lubumbashi, natumika kwenye mgodi mdogo wa shaba nje ya mji. Shefu amenipa kazi ya kuchora tiyo (bomba) ya kutoa maji, wima ndani ya shimo, toka ngazi ya mita 180 mpaka juu. Pompi ni ya wima, shafti ndefu, imezama kwenye kisima cha chini. Inatoa mita za ujazo 200 kwa saa. Tiyo ni chuma, inchi 8, unene milimita 8. Muuzaji anasema bridi (sahani za kuungia vipande vya tiyo) za PN25, yaani za bar 25, zinatosha kwa sababu kina hicho kinafanya bar 18 tu. Ni kweli? Na mchoro wa zamani unaonyesha tiyo imekalia mdomo wa pompi moja kwa moja. Naogopa. Mvua za Novemba ziko karibu.

Mzee_Likasi:
Una haki ya kuogopa, mwanangu. Mdomo wa pompi haukutengenezwa kubeba nguzo ya tiyo. Chuma cha inchi 8 ni karibu kilo 42 kwa mita, kwa hiyo karibu tani 7.5 kabla ya kuhesabu bridi na boliti. Ukiuweka mzigo huo pale, shafti inapinda kidogo, beringi zinapata joto, na utabadilisha mpaka uchoke. Tiyo ianze kwenye kiwiko (kipande cha kona) chenye mguu, mguu ukae juu ya betoni iliyoshikwa na mwamba. Pompi isibebe kitu.

Kijana_Kenya:
Ongeza maji, kilo 32 kwa mita. Jumla inapita tani 13. Gawanya kwa idadi ya mabano ya ukutani, basi.

Mama_Pompi:
Hapana ndugu, usigawanye hivyo. Maji ndani ya tiyo ya wima hayavuti mabano. Yanakaa kwenye kiwiko cha chini, kama presha: karibu tani 5.8 zinakandamiza pale hata pompi ikiwa imezimwa. Mabano hayaoni chochote cha mzigo huo. Kwa hiyo betoni ya chini ibebe chuma na maji pamoja, na mabano yawe viongozi tu: moja kwa kila kipande cha mita 6, yenye nafasi ndogo ili tiyo iteleze juu na chini bila kuyumba. Joto likibadilika digrii 15, tiyo ya mita 180 inarefuka kama sentimita 3. Ukiifunga kwa nguvu juu na chini, kuna kitu kitapasuka. Acha kona ya juu iwe huru.

Weka pia klampi mbili nzito za kukamata, moja karibu na chini. Siku kiwiko kitakapooza (na kitaoza, maji ya machimbo yakiwa na asidi, pima pH kabla ya kununua chuma kitupu), utakitoa bila kuangusha nguzo yote.

Fundi_Katuba:
Asante mama. Kati ya pompi na kiwiko nilitaka kuweka kiungo cha mpira ili mtetemo usipite.

Mama_Pompi:
Kiwe na fimbo za kukizuia. Bila fimbo, bar 18 zitasukuma pompi kwa nguvu ya karibu tani 6, na hapo umeirudishia mzigo tuliotoka kuuondoa.

Mzee_Likasi:
Sasa PN25. Muuzaji amehesabu maji yaliyotulia. Sisi hapa tunakula kuran ya SNEL, shirika la umeme la taifa, inakatika bila hodi. Maji yako yanapanda mita 1.7 kwa sekunde. Yakisimamishwa ghafla kwenye chuma, kishindo kinaweza kufika bar 20 juu ya zile 18. Hiyo ndiyo hesabu ya kupindukia, lakini klape (ya kuzuia maji yasirudi) nzito inayochelewa kufunga inakusogeza huko. Chukua klape yenye springi, inayofunga kabla maji hayajageuka. Bridi za PN40, angalau nusu ya chini, na kwa juu usiteremke PN25 mpaka mtu apige hesabu ya kishindo. Kwenye kona ya juu weka vani ya kuingiza hewa, maana nguzo ya maji ikikatika pale, tiyo inanyonya.

Betoni nayo ihesabiwe kwa bar 38. Hapo mguu unapata zaidi ya tani 12 za maji peke yake, chuma kando.

Kijana_Kenya:
Nimeelewa. Pompi ngapi lakini? Moja?

Mzee_Likasi:
Mbili, kila moja na klape yake. Na tiyo ya pili kama shefu anakubali. Kwenye mgodi wa Kipushi mwaka 2011 pompi zilishindwa, maji yakapanda mamia ya mita, wakachukua miaka kuyatoa. Mwambie hivyo akianza kulia bei.

Fundi_Katuba:
Tiyo ya pili atakataa, namjua. Nitaacha nafasi ya viongozi vyake kwenye mabano yale yale. Mama, klampi ya chini niiweke mita ngapi juu ya kiwiko?

Mama_Pompi:
Juu ya bridi ya kwanza, mahali mtu anaweza kusimama na ufunguo. Nitumie mchoro kwanza.