Burundi vita iliisha, mbona watu bado wanakatana mapanga?

Mtoto wa Ujiji: Wakuu naombeni kueleweshwa. Mkataba wa amani wa Arusha ulisainiwa 2000, waasi wa FNL nao wakaweka silaha chini 2009, lakini kila nikikutana na watu wa Rumonge na Nyanza-Lac kule kusini mwa Burundi ni ugomvi tu, huyu kakatwa, yule kachomewa nyumba. Ni ukabila au kuna kingine?

Mawese72: Ukabila upo sikatai, ila we fuatilia shamba. Wazee wetu walikimbia mauaji ya 1972 wakaja Tanzania kufyeka pori kwenye makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, kule nyuma serikali ikawagawia watu wengine mashamba yao na karatasi wakapewa. Babu yangu mdogo karudi 2008 kamkuta mtu ana wajukuu pale. Babu akampeleka mpaka kwenye mchikichi mmoja mrefu, akamwambia huu nilipanda na baba yangu, na yule naye akamwonyesha kaburi la mama yake, hatua kumi tu kutoka pale. Haya nani mwizi hapo? Sheria ya ardhi inamlinda aliyekaa miaka 30, Arusha inasema mkimbizi arudishiwe mali yake 😂

Dada wa Buyenzi: Ile tume ya ardhi ya 2006 mwanzoni ilikuwa inawagawia shamba wote wawili, aliyerudi na aliyekaa, ila kuanzia 2011 ikageuka, mkimbizi anarudishiwa lote, ndo moto ukawaka upya maana aliyetolewa naye aende wapi? Nchi nzima ndogo kuliko mkoa wa Kigoma jamani, na karibu kila mtu anakula kwa jembe.

Kamanda mstaafu: Mnasahau vijana. Wapiganaji waliotoka msituni walipewa hela kwa awamu, wengi ikaishia kwenye baiskeli ya kubebea abiria na bia. Baba ana kipande kama uwanja wa mpira na watoto wa kiume watano, huyo wa mwisho ataoa ajenge wapi? Kijana wa hivyo mwanasiasa akija na fulana na elfu mbili tatu, keshampata. Kaka na kaka wanauana kwa mpaka na ni kabila moja, ukabila uko wapi hapo?

Mtoto wa Ujiji: Duh. @Mawese72 na babu iliishaje?

Mawese72: Waligawana. Mchikichi ukaangukia upande wa yule bwana. Wakivuna anamtumia babu mkungu mmoja, anauacha mlangoni anaondoka. Salamu hawapeani.