Corvette ya kufungua wenyewe: C2 (1963–67), C3 ya bampa za kromu (1968–72) au C4 (1984–96)? Nilinganishieni

#1 · Mkaazi_Ohio

Wakuu, habari za jioni. Nimezaliwa Tanga, naishi Ohio mwaka wa tisa huu. Nyuma ya nyumba nina gereji ya gari moja, na binti yangu wa miaka 14 anapenda spana kama wenzake wanavyopenda simu. Tunataka Corvette ya zamani, lile gari la mbio la Chevrolet, kampuni iliyo chini ya General Motors (GM), tuifungue na kuifunga wenyewe, polepole, hata ikichukua miaka mitatu.

Nimebaki na tatu kichwani. Sting Ray ya 1963 hadi 1967 ndiyo ndoto, lakini bei yake inaumiza. C3 ya mwanzo, ile yenye bampa za kromu mbele na nyuma, nimeiona moja ya 1972 karibu na hapa. C4 zimejaa, tena kwa bei ya kawaida kabisa. Uzuri wa macho nitaamua mwenyewe. Naomba mnilinganishie vyuma: ipi itamfundisha mtoto uhandisi?

#2 · Spana_Kariakoo

Mkuu, ngoja turudi nyuma kidogo, maana usipoijua ya kwanza hutaelewa kwa nini C2 inasifiwa hivyo.

Corvette ilionyeshwa Januari 1953 katika hoteli ya Waldorf-Astoria, New York, kwenye maonyesho ya Motorama ya General Motors. Umbo lilitoka kwa Harley Earl, mkuu wa wachoraji wa GM, na watu wake, na watu wakalipenda papo hapo. Juni ikaanza kuundwa kwa mkono huko Flint, Michigan. Mwaka ule yalitoka magari 300, yote meupe, yote ndani mekundu. Sasa fungua boneti. Unakuta injini ya silinda 6 za mstari mmoja, lita 3.9, ndugu wa zile zilizokuwa zikisukuma Chevrolet za nyumbani, imeongezewa kabureta zikawa tatu ili ifike nguvu farasi 150. Gia ni Powerglide ya otomatiki, gia mbili tu. Nyuma kuna ekseli nzima juu ya springi za vyuma bapa. Umbo liliahidi mbio ambazo vyuma vya chini havikuweza kuzitoa.

Kati ya waliolitazama pale Motorama alikuwepo mhandisi Zora Arkus-Duntov, mzaliwa wa Brussels, wazazi wake Warusi. Alivutiwa, akaomba kazi GM, na mwaka huohuo akaajiriwa. Desemba 1953 akawaandikia wakubwa waraka: vijana wanaojitengenezea magari ya kasi wamezoea Ford, basi Chevrolet iwape spea za nguvu kutoka kiwandani kama inataka wahamie kwake. Huyu alikuwa mgeni kazini, na bado aliona kitu ambacho wenyeji hawakukiona.

Mwaka 1955 ikaja V8 (silinda 8 zilizopangwa umbo la V) ya Ed Cole, mhandisi mkuu wa Chevrolet, lita 4.3, farasi 195, tena nyepesi kuliko ile ya silinda 6. Gari lenyewe lilikuwa linakata roho: yaliundwa 700 tu mwaka huo, wakati Ford aliuza Thunderbird zaidi ya 16,000. Injini ndiyo iliyoliokoa. Kufika 1957 ilikuwa lita 4.6 na mfumo wa kupuliza mafuta wa Rochester, ikitoa farasi 283 kutoka inchi za ujazo 283.

Kwa hiyo Corvette ina historia mbili, ya wachoraji na ya wahandisi, na haziendi sambamba. Hizi namba za C1, C2, C3 zinafuata umbo la bodi. Ukihesabu kwa chasisi unapata mambo mengine kabisa: 1953 hadi 1962 ni gari moja, 1963 hadi 1982 ni gari moja, halafu 1984 ndipo linaanza jipya. Hizo zako tatu ni mbili.

#3 · FundiFaiba_Msa

Assalaam aleikum. Mimi ni fundi wa boti Mombasa, sijapata kushika Corvette, lakini faiba naijua tangu utotoni na gari hili lina bodi ya faiba tangu siku ya kwanza hadi leo. Sababu yake ni ileile iliyoleta faiba baharini: kalibu ya kukandamizia bati la chuma ni ghali mno kama unaunda vichache. Faiba inataka kalibu ya bei nafuu, nyuzi za kioo, gundi yake na mikono yenye subira.

Ila kwenye gari ilileta mambo ambayo waundaji hawakuyazoea. Gari la bati hurudishia umeme hasi kwenye bodi. Faiba haipitishi umeme, kwa hiyo kila taa na kila saa ya dashibodi inataka waya wake wa kurudi. Faiba pia haizuii mawimbi, basi cheche za plagi zikawa zinasikika kwenye redio, ikabidi wafunike mfumo wa cheche kwa vifuniko vya chuma. Lakini hilohilo liliwapa faida: zile za mwanzo antena ya redio ilifichwa ndani ya kifuniko cha buti, huioni kabisa. Mimi nimelipenda sana hilo.

Ushauri kwako babangu: faiba haishiki kutu, lakini inaificha. Kuanzia 1963 chini ya ile bodi mna kizimba cha chuma kinachoshika kioo cha mbele na nguzo za milango. Maji yakiingia pembeni ya kioo yanakaa humo, chuma kinaliwa miaka na nje rangi inang'aa. Usinunue kabla hujapiga tochi kwenye kona za chini za kioo cha mbele na kwenye fremu pale inapopanda mbele ya tairi za nyuma.

#4 · Sahil_wa_Ruwi

Salaam kutoka Muscat. Hapa tunaendesha upande wa kulia, kwa hiyo magari ya Marekani yapo mengi, nami nina C4 ya 1990 mwaka wa sita sasa. Naona mnaidharau kabla hata haijatajwa vizuri.

Mwenye kutaka kumfundisha mtoto aifungue boneti ya C4. Inanyanyuka pamoja na mabawa yote ya mbele, na pale unaona kila kitu: mikono ya aluminiamu ya kufuliwa, usukani wa meno na reki, na springi moja ya faiba iliyolala kutoka tairi hadi tairi. Ndiyo, springi ya faiba, FundiFaiba utafurahi. Ilianza nyuma kwenye baadhi ya Corvette za 1981. Ya chuma ilikuwa karibu kilo 20, hii haifiki kilo 4. Dave McLellan alishika kazi ya mhandisi mkuu wa Corvette Duntov alipostaafu 1975, na C4 ndiyo gari lake alilolianza upya kabisa.

Lina kasoro, sikatai. Lilikusudiwa kuwa na paa la vipande viwili lenye mhimili katikati. Dakika za mwisho wakubwa wakaamua paa liwe kipande kimoja cha kuondoa. Mhimili ukaondoka, na ugumu wa bodi ukaondoka nao, ikabidi kingo za mlangoni ziinuliwe mpaka kuingia ni kama kupanda dau. Na ukinunua ya 1992 kuendelea ujue kigawa cheche kimewekwa mbele ya injini, chini ya pampu ya maji. Pampu ikivuja, maji yanashukia palepale. Mimi nilichagua ya 1990 kwa sababu hiyo.

#5 · Dada_Kentucky

Naishi saa moja kutoka Bowling Green, Kentucky, ambako Corvette zinaundwa tangu 1981. Makumbusho yake yapo hapohapo. Kaka Sahil, C4 yako ina ndugu mmoja wa ajabu mle ndani: Corvette pekee ya 1983. C4 ilichelewa, wakaunda 43 za majaribio, hakuna hata moja iliyouzwa, zikaharibiwa zote ikabaki hiyo nyeupe. Nilisimama mbele yake muda mrefu kuliko mbele ya zile za mashindano. Februari 2014 ardhi ilititia ndani ya jengo hilo na magari manane yakazama shimoni, ikiwemo ile ya 1992 iliyotimiza Corvette milioni moja kuundwa. Hiyo wameirekebisha.

Lakini nimekuja kuitetea C2. Spana_Kariakoo anasema wachoraji na wahandisi hawakuenda sambamba. 1963 walikwenda, japo kwa ugomvi. Bill Mitchell alirithi kiti cha Earl, umbo likaanzia kwenye michoro ya kijana Peter Brock ya 1957, Larry Shinoda akalikamilisha. Mitchell alitaka uti unaoshuka kutoka paani ukigawa kioo cha nyuma mara mbili. Duntov akapinga, dereva haoni nyuma. Mitchell akashinda kwa mwaka mmoja, 1964 kioo kikawa kimoja. Kuna waliokata kioo chao cha 1963 wakaweka cha 1964 ili waone vizuri, na leo kile kilichogawanyika ndicho kinachotafutwa kuliko vyote. Kwangu mimi Duntov alikuwa na haki, na bado sijaona gari la Marekani lenye mgongo mzuri kama ule.

#6 · Mkaazi_Ohio

Asanteni sana. Dada, nakuelewa, lakini mfuko wangu hauielewi C2. Spana, unaposema C2 na C3 ni gari moja, unamaanisha zinafanana au ni zilezile?

#7 · Spana_Kariakoo

Zilezile, mkuu. Fremu, urefu wa inchi 98 kati ya tairi za mbele na za nyuma, na mfumo mzima wa nyuma vilihamia C3 vikakaa hadi 1982. Mwaka 1968 kilichobadilika hasa ni nguo, umbo lililotoka kwenye gari la maonyesho la Mitchell lililoitwa Mako Shark II.

Na huo mfumo wa nyuma ndio darasa lako. Duntov alitaka kila tairi la nyuma litembee peke yake, lakini kazi ifanyike kwa spea za bei ambayo Chevrolet ingekubali. Akalifunga difu, lile boksi la gia la nyuma linalogawa nguvu kwa tairi mbili, kwenye fremu. Akatoa ekseli mbili fupi zenye jointi kila upande, akazifanya zibebe kazi mbili: kuzungusha tairi na kuwa mkono wa juu wa kulishikilia. Chini akaweka fito moja moja. Kisha springi moja ya bapa tisa ikalala kwa upana chini ya difu, ikibeba pande zote mbili. Watu walicheka, springi za lori kwenye gari la mbio! Sisi tuliokulia kwenye daladala tunazijua springi bapa, ndiyo maana nataka mtoto aione hii: chuma kilekile, kimegeuzwa upande, kikafanya kazi tofauti kabisa. Springi ya kulala nyuma ilidumu kuanzia 1963 hadi C7, imeondoka kwenye C8 ya 2020.

Kwa hiyo ile ya 1972 inakupa uhandisi wa C2 kwa bei ya C3. Breki za diski magurudumu yote manne zilishaingia tangu 1965, wakati Sting Ray za 1963 na 1964 zina breki za ngoma. Baada ya 1972 mambo yanapungua: 1973 sheria ya bampa za kugongana polepole ilibadilisha pua, na 1975 injini ya kawaida ya lita 5.7 ilitoa farasi 165 tu kwa ajili ya sheria za moshi.

#8 · Ngong_Rd

Wadau, na sisi wa Nairobi? Ile 1972 ingefika Mombasa siku moja?

#9 · Spana_Kariakoo

Kwa kuingiza kawaida, hapana. Kenya inataka gari lisilozidi miaka 8 na usukani uwe kulia. Corvette ya kwanza kutoka kiwandani na usukani wa kulia ni C8, ambayo pia ndiyo ya kwanza ya kuuzwa yenye injini nyuma ya dereva. Duntov aliisukuma fikra hiyo tangu gari lake la majaribio CERV I la 1960, hakufanikiwa. Alifariki 1996.

#10 · FundiFaiba_Msa

Mkaazi, ukienda kuitazama nenda na huyo binti. Mikono midogo inafika nyuma ya dashibodi. Agonge faiba kwa vidole taratibu pande zote: palipotengenezwa vibaya sauti inakuwa nzito, kama boti iliyonyonya maji. Mkeka wa miguuni uinuliwe. Na jointi za zile ekseli fupi azitikise.

#11 · Mkaazi_Ohio

Sahil, nimekusikia kuhusu C4 na sijaifuta. Lakini Jumamosi tunakwenda kuiona ya 1972. Binti ameshachora mfumo wa nyuma kwenye karatasi kwa maelezo ya Spana, ameuliza kama springi ni moja, je, tairi la kushoto likipanda jiwe la kulia halihisi? Nimemwambia atakuwa chini ya gari na tochi, alitazame mwenyewe.