Dada anatakiwa kupandikizwa utumbo. Miaka ya mbele maisha yanakuwaje?

Binti_Pangani: Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Dada yangu anaishi Uingereza. Utumbo mwembamba ulijisokota ukafa, wakaukata karibu wote. Tangu hapo analishwa kwa mpira wa mshipani usiku kucha. Sasa ini linaharibika na mishipa inaziba, wanataka kumpandikiza utumbo wa marehemu. Upasuaji tumeelezwa. Nataka kujua ya baadaye: ataishi? Atakula? Ataweza kurudi Tanga kukaa na mama?

NesiMstaafu: Pole sana mwanangu. Utumbo ni mgumu kuliko figo, umejaa bakteria na chembe za kinga. Karibu wagonjwa 8 kati ya 10 huvuka mwaka wa kwanza. Miaka 5 hufikisha nusu au zaidi kidogo. Dawa za kushusha kinga ni za maisha, na mojawapo, takrolimasi, huchosha figo taratibu. Ila utumbo ukishika, wengi huachana na lishe ya mshipani, wanakula kwa mdomo. Ulizeni kama atapewa ini pia: ini jipya huusaidia utumbo usikataliwe.

Mzee_wa_Handeni: Mrudisheni nyumbani, kuna mizizi inasafisha tumbo.

NesiMstaafu: Hapana kaka, tafadhali. Hata balungi tu hupandisha takrolimasi kwenye damu. Mizizi isiyojulikana inaweza kumuua.

BabaSalma: Mwanangu alipandikizwa hapa Marekani. Kilichotuelemea si upasuaji, ni kufuatilia. Figo ikikataliwa, kipimo cha damu huonyesha. Utumbo hauna kipimo cha hivyo cha kutegemea. Wanaingiza kamera na kukata kipande kidogo cha utumbo wakipime, mwanzoni mara kwa mara. Homa ndogo au kuharisha, mbio hospitali. Tulihamia karibu kabisa. Na kula alijifunza upya, alikuwa anaogopa hata uji. Leo anakwenda shule.

Kuhusu Tanga: Muhimbili wanapandikiza figo tangu 2017, kwa hiyo takrolimasi si ngeni Tanzania. Lakini anahitaji watu waliozoea kusoma vipande hivyo vya utumbo. Miaka ya kwanza abaki huko. Baadaye aje kutembea kwa ruhusa ya daktari. Chanjo ya homa ya manjano asichomwe, ina virusi hai.

Binti_Pangani: Asanteni sana. Kumbe mama ndiye wa kumfuata. Leo naanza kuulizia viza yake, na dada nitamwambia aulize habari ya ini.