Sakafu ya nyumba ya zamani Tanga, fundi kasema 4.2M, kuna ukweli hapa?

Mjukuu wa Ngamiani: Wakuu habari za jioni. Tuna nyumba ya bibi Ngamiani hapa Tanga, ya mawe na chokaa, ya siku nyingi sana, na barabara ilivyokuwa inapandishwa miaka yote yenyewe imebaki chini, sasa ukiingia unashuka ngazi mbili kama unaingia handaki. Sakafu imetitia, pale koridoni ukikanyaga pembeni inalia kama debe tupu, masika maji yanatoka kwenye nyufa, mkeka ukiuacha siku mbili ukiuinua unakuta ukungu. Vyumba vitatu na korido, jumla kama mita za mraba 45. Fundi kaangalia dakika kumi akaniandikia 4.2M: simenti mifuko 75, kokoto, mchanga, nailoni, ufundi 1.4M, na anataka achimbe futi mbili ndo amwage jamvi jipya, yaani zege la chini ya sakafu. Ni bei kweli au kaona natokea Dar?

Mzee wa Koleo: Mifuko 75 anajenga ghorofa? Piga hesabu mwenyewe mkuu, 45 mara unene wa sentimita 10 ni kyubiki (mita za ujazo) 4 na nusu. Zege la 1:2:4 (simenti moja, mchanga mbili, kokoto nne) linakula kama mifuko sita na nusu kwa kyubiki, hapo ni 29 au 30. Tabaka la kusawazisha juu ya zege, la sentimita 3, linakula 11 hivi. Weka na ya kumwagika, 45 inatosha na niru, ule uji wa simenti wa kulainisha juu, unapiga. Hiyo 30 iliyozidi, kwa 17,000 mfuko, ni laki tano na kumi, ndo soda yake.

Ila mimi kinachonitisha ni hizo futi mbili. Nyumba za hivyo msingi mara nyingi haujaenda chini, ukichimba ndani ukapita kitako cha msingi ukuta unakufuata. Chimbeni kwanza kashimo kamoja pembeni ya ukuta muone mawe yanaishia wapi. Halafu kifusi nani anabeba, umemuuliza? Sentimita 20 tu hapo ni kyubiki 9, ikishachimbwa inafura inafika 11, 12, na yote inapanda hizo ngazi kwa ndoo. Hela inaishia hapo bwana, simenti unaisingizia tu.

binti_unguja: Sie kwetu tulitia nailoni na zege zito na taili juu, tukaona raha. Mwaka haujesha, maji yaliyokuwa yakitoka chini yamehamia kutani, lipu ya simenti ikavimba ikatoa chumvi nyeupe kama unga mpaka usawa wa kiuno. Ukuta wa mawe na chokaa hunywa maji na kuyatoa wenyewe, ukiuvika simenti hayana pa kutokea. Tukabandua lipu yote tukarudishia chokaa, gharama ya pili hiyo. Mwambie fundi kuta asiziguse na simenti.

Kijana wa Mjini: Uza kiwanja hicho ujenge Pongwe, unateseka bure

Mjukuu wa Ngamiani: @Kijana wa Mjini cha urithi hicho, warithi 14, nauza kwa sahihi ya nani?

Mzee wa Koleo: Kabla hujavunja kitu kata vipande vya nailoni, bandika sakafuni kwa selotepu pande zote nne, lala, asubuhi angalia. Kukiwa na maji kwa chini unyevu unatoka ardhini, kukiwa kwa juu ni unyevu tu wa hewa ya chumbani. Bandika sehemu tofauti tofauti usibandike moja.

Mjukuu wa Ngamiani: Mrejesho wakuu. Nimebandika vipande sita. Vya uani vikavu kabisa, viwili vya upande wa barabara kwa chini vinatiririka, nikatoka nje nikaangalia juu, bati lote la mbele linamwaga maji pale pale kwenye kitako cha ukuta, hakuna gata na baraza limeinamia ndani. Kwa hiyo naanza na gata na hilo baraza, sakafu chumba cha mbele na korido kwanza. Fundi nimemtajia mifuko 45 tangu jana hapokei simu.