Saa za mkutubi ndani ya ulimwengu pepe: kazi au mchezo?

Msimamizi, Kisumu

Hoja iliyo mezani ni moja. Katiba ya 2010 iliziweka maktaba mikononi mwa kaunti, na makadirio ya bajeti hutakiwa kufika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili. Je, ni haki mkutubi au mtunza makavazi anayelipwa na umma atengewe saa na vifaa vya kuingia ulimwengu pepe, yaani dunia za kuigiza ndani ya kompyuta kama Second Life, OpenSimulator, Luanti na jamaa zake? Wako wanaosema ni kazi, wako wanaosema ni mchezo wa kulipiwa. Leteni hoja zenye vipimo. Makelele tuwaachie makanga wa steji.

Mtunza Makavazi, Nakuru

Napinga. Second Life ilifunguliwa 2003 na kampuni ya Linden Lab ya Marekani. Mwaka 2006 wakutubi wa Alliance Library System, jimbo la Illinois, wakajenga humo Info Island: dawati la maswali, maonyesho, mihadhara, kila kitu. Eneo kamili la kujengea lilikuwa dola 295 kwa mwezi, taasisi za elimu zikilipa nusu. Oktoba 2010 kampuni ikatangaza kwamba punguzo hilo linaondolewa kuanzia Januari. Lilirudishwa 2013, lakini wengi walikuwa wamekwisha kufunga virago.

Huo ni upangaji, na mwenye nyumba yuko California. Wengine hawakupandisha hata kodi, walibomoa tu. Lively ya Google ilizinduliwa Julai 2008 ikafungwa Desemba mwaka uo huo. AltspaceVR ilizimwa Machi 2023. Mozilla Hubs, Mei 2024. Barua iliyoandikwa Kisumu enzi za jina la Port Florence inasomeka mpaka leo bila kumwomba mtu nenosiri.

Sasa piga hesabu ya upande wa pili. Ukurasa wa A4 ukinakiliwa kwa nukta 300 kwa inchi ni pikseli 2480 kwa 3508. Kwa rangi, faili la picha la TIFF lisilobanwa ni kama megabaiti 26. Diski ya terabaiti moja inabeba kurasa kama 38,000. Nunua diski mbili, moja ikae jengo jingine, na umeokoa rejista za kata nzima. Hiyo ndiyo kazi tuliyoajiriwa kufanya. Avatari, lile umbo la mtu ndani ya ulimwengu pepe, hata liwe na mabawa haliokoi karatasi iliyoingiwa na mchwa.

Seva ya Kakamega

Ndugu wa Nakuru, historia umeisema sawa, ila hitimisho limekwenda shamba la jirani. Ubaya uliouonyesha ni wa kupanga. Nani amekulazimisha kupanga?

OpenSimulator ipo tangu 2007, ni ya bure, na inakaa kwenye kompyuta yako mwenyewe. Unaiweka kwa mtindo wa kujitegemea, yaani seva moja inayobeba kila kitu, unaiunganisha na rauta ya maktaba, na wasomaji wanaingia kwa programu ya Firestorm kutoka kompyuta zilizo chumba kimoja. Hakuna bando linalolika. Eneo moja ni mita 256 kwa 256, na hilo linatosha maonyesho ya mwaka mzima.

Mambo yanayoharibika ni yale yale kila mara, kwa hiyo yaandikwe ukutani:

Kwanza, anwani. Faili la mipangilio huja na 127.0.0.1. Ukiiacha hivyo, mashine ya seva itaingia vizuri na utapiga makofi, halafu kompyuta nyingine zote zitakataa, kwa sababu kila moja inaambiwa ijitafute yenyewe. Weka anwani ya seva kwenye mtandao wa ndani, na kwenye rauta uifunge isibadilike. Kisha fungua mlango 9000 kwenye kizuizi cha mtandao, kwa TCP na UDP zote mbili, yaani njia mbili za kusafirisha data. Wengi hufungua TCP peke yake: mtu anapokea ujumbe kwamba ameingia, kisha dunia haiji.

Pili, stima. Hifadhidata inayokuja nayo ni SQLite, na umeme ukikatika katikati ya kuandika, unaweza kuamka na eneo tupu. Betri ya akiba ya dakika kumi inatosha kuzima kwa utaratibu kwa amri ya "shutdown". Usichomoe waya kama redio.

Tatu, na hapa ndipo nakujibu hasa: amri "save oar" ikifuatiwa na jina la faili inafunga eneo zima, ardhi, majengo na picha zake, ndani ya faili moja. Ukiibeba kwa flashi mpaka Bungoma, "load oar" inalifungua. Kiwanja chako kinahama na wewe. Second Life haikupi hicho.

Kuwafungulia watu wa nje ni habari nyingine. Mitandao mingi ya simu haikupi anwani yako ya umma, mnachangia moja watu wengi, kwa hiyo wageni hawatakufikia hata ufungue milango yote. Anzeni ndani ya jengo.

Na usipachike nyaraka ukutani ukidhani zitasomeka. Picha ya ukutani kwa kawaida inaishia pikseli 1024 kwa 1024. Ule ukurasa wako wa 2480 kwa 3508 unapoteza zaidi ya nusu ya upana wake, na mwandiko wa karani wa kale unageuka ukungu. Ukutani weka kijipicha, kikiguswa kifungue faili kamili kwenye kivinjari. Ulimwengu pepe ni wa kuonyesha mahali, si wa kusomea barua.

Mahali tunapo. Thimlich Ohinga, maboma ya kale kule Migori, iliyoingia orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2018, ina kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wa kushikiza, zenye kimo cha kati ya mita 1.5 na 4.5. Ukizijenga kwa vipimo vyake, mwanafunzi wa Nyalenda, Kisumu, ambaye hana nauli ya Migori anaweza kusimama chini ya ukuta mara mbili na nusu ya urefu wake. Picha kitabuni haimwambii hilo.

Dawati la Maswali, Kondele

Mmeongea seva, hamjamtaja mtu. Kaka wa Nakuru anasema "mchezo" kama tusi. Second Life kulikuwa na Caledon Library, maktaba ndani ya mji wa kubuni wa enzi ya Victoria, wakutubi wakivaa kofia ndefu na magauni ya mikunjo. Walicheza, na walijibu maswali wakicheza. Huko ndiko mkutubi anagundua kwamba mgeni haji dawatini. Anatua, anazubaa, anaondoka. Kwa hiyo unamweka mtu mahali pa kutua na unamsalimia kwa jina lake la humo, hata kama unamjua ni jirani yako.

Kuendesha kikao kunahitaji watu wawili: mmoja anazungumza, mwingine anafuata maandishi na kuwavuta waliopotea. Kila kinachosemwa kwa sauti kiandikwe pia kwa ufupi, kwa ajili ya viziwi na wenye spika mbovu. Kompyuta hafifu zipunguziwe umbali wa kuona hadi mita 64, la sivyo zinaganda. Avatari ikibaki wingu jeupe, mpe dakika moja kabla ya kumtoa na kumwingiza upya. Haya hayafundishwi kwa maelezo. Ndiyo maana saa mbili kwa wiki za kurandaranda naziita mafunzo, na sioni haya.

Ila watoto tuwe macho. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kuchakata data za mtoto. Kwenye seva ya ndani, tengenezeni akaunti za namba, msomaji 01, msomaji 02, zisizo na jina wala barua pepe, na kumbukumbu za mazungumzo zifutwe.

Mtunza Makavazi, Nakuru

Dada wa Kondele, la akaunti za namba nalichukua. Seva ya Kakamega naye nampa nusu. Faili la OAR linahifadhi vitu, halihifadhi kilichotokea. Mradi wa Preserving Virtual Worlds, uliofadhiliwa na Maktaba ya Bunge la Marekani kuanzia 2008, uliligusa tatizo hili hili: nyumba ikihifadhiwa bila wakazi wake, umehifadhi nini? Tena kuna haki. Firestorm ikiwa Second Life hukataa kukutolea kitu ambacho hukukitengeneza wewe mwenyewe, hata ikiwa ulikinunua. Wajenzi watano wakishirikiana, bila hati ya maandishi kila mmoja ana tofali lake mahakamani.

Masharti yangu basi: hakuna miwani ya uhalisia pepe mwaka wa kwanza, skana inunuliwe kwanza, na kila mjenzi atie sahihi.

Seva ya Kakamega

Miwani hata mimi siitaki. Kwa kompyuta zilizochoka kabisa tumieni Luanti, ile iliyoitwa Minetest hadi 2024. Kila tofali ni mita moja, mlango ni 30000 wa UDP, na nakala ni kusimamisha seva na kunakili folda ya dunia. Angalieni tu: mkisahau kunakili folda ya nyongeza zilizotumika, mtafungua na kukuta matofali "yasiyojulikana" kila pahali.

Dawati la Maswali, Kondele

Sawa, lakini mkaguzi wa hesabu akija: hiyo OAR inaandikishwa rejista gani, ya vitabu au ya nyaraka?

Mtunza Makavazi, Nakuru

Ya nyaraka. Andika tarehe, majina ya waliotia sahihi, na nambari ya toleo la programu iliyoitengeneza. Na kisakinishi cha toleo hilo kikae folda moja nayo.