Zaka yangu nimlipie mjane kodi, au niipeleke kanisani?

Fundi Geji
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naomba mnisaidie kwa maandiko. Mimi ni fundi wa kuezeka, Mlutheri. Mwezi huu nimepata kazi nzuri, na baada ya kulipa vijana wangu nimebaki na milioni moja na laki mbili. Zaka yake ni laki na ishirini, nimeshaitia kwenye bahasha. Sasa chumba cha pili kutoka kwangu anakaa mama mmoja, mumewe alifariki mwaka juzi, ana watoto watatu, anauza mihogo ya kukaanga. Kodi imemwishia na mwenye nyumba anataka ya miezi mitatu kwa mkupuo, elfu arobaini kila mwezi. Pigeni hesabu wenyewe. Nilimuuliza mzee wa kanisa wa mtaa wetu kama naweza kumlipia kwa ile bahasha. Akaniambia zaka si mali yangu hata nichague pa kuipeleka, huyo mama nimpe kutoka kwenye yale yaliyobaki. Yaliyobaki yana ada ya mtoto na deni la mabati. Nifanyeje?

Binti wa Misheni
Bwana asifiwe kaka. Mzee wako amekujibu sawasawa. Malaki 3:10, "Leteni zaka kamili ghalani." Ghalani, siyo kwa jirani. Kila mtu akianza kugawa zaka kwa macho yake, atakayekula ni yule anayelia mbele yako, na mwinjilisti aliyeko porini huko Kiteto asiyeonwa na mtu atalala njaa. Peleka zaka, kisha mjane mpe sadaka yako hata kama ni ndogo. Mathayo 23:23 Yesu aliwaambia Mafarisayo hayo mlipaswa kuyafanya, wala yale mengine msiyaache.

Jembe Mkononi
Mimi nitasema hata kama inauma. Mijini tumezidi kulea watu. Leo unalipa kodi ya huyu, kesho wote wa nyumba ile wamepanga foleni mlangoni kwako. Neno linasema jisaidie nami nitakusaidia. Na Paulo aliwaandikia Wathesalonike asiyefanya kazi asile. Huyo mama hana ndugu? 1 Timotheo 5 inasema mjane atunzwe kwanza na jamaa zake ili kanisa lisilemewe.

Mama Lishe Stendi
Wewe Jembe umesoma alichoandika mwenzako? Mama ANAUZA MIHOGO. Umewahi kuamka saa kumi alfajiri ukamenya kiroba cha mihogo kwa kisu butu, ukakaa motoni hadi saa nne usiku, mvua ikinyesha hakuna mteja na mafuta umeshachoma? Hiyo ndiyo asiyefanya kazi? Na hilo la jisaidie nami nitakusaidia nitajie kitabu, sura na mstari. Nasubiri.

Jembe Mkononi
Lipo Mithali. Ngoja nitafute.

Katekista Mstaafu
Tumsifu Yesu Kristo. Usihangaike mwanangu, halimo. Nimefundisha katekesi miaka thelathini na moja na kila mwaka kuna mtu mzima ananiapia kwamba lipo Mithali. Halimo humo wala kwingine. Na ule wa Wathesalonike usome polepole: "ikiwa mtu hataki kufanya kazi." HATAKI. Paulo hakumsema aliyefanya kazi na isitoshe.

Dada wa Misheni, nawe nakuomba urudi nyuma mistari mitano tu kwenye Malaki hiyohiyo. 3:5, Bwana anawashuhudia vikali wanaomwonea mwajiriwa kwenye mshahara wake, wanaomwonea mjane na yatima. Sura ni moja, mbona madhabahuni husomwa nusu? Kisha fungua Kumbukumbu la Torati 14:28-29. Kila mwaka wa tatu fungu la kumi lote liliwekwa malangoni mwa mji, akaja Mlawi asiye na urithi, na mgeni, na yatima, na mjane, wakala wakashiba. Kwa hiyo mjane hakuwa anasubiri yaliyobaki baada ya zaka. Alikuwa na haki ndani ya zaka yenyewe. Na Malaki anasema "ili kiwemo chakula katika nyumba yangu." Chakula. Hakusema ili kiwemo saruji.

Binti wa Misheni
Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, hilo la saruji umenichoma. Mimi nimezaliwa nyumba ya mchungaji. Kuna mwaka baba alikaa miezi saba bila posho kwa sababu usharika ulikuwa haujakusanya. Mama alikuwa anapika makande asubuhi tunakula mpaka usiku, na watu bado wanabisha hodi kuomba sukari kwa sababu ni nyumba ya mchungaji, na mama anatoa. Hakuna aliyetuita maskini. Kila nikisikia mtu anasema zaka inaishia kwenye saruji namkumbuka baba akitembea kilomita kumi na mbili kwenda kuzika. Mlawi naye yumo kwenye huo mstari wako, mzee. Tena ametajwa wa kwanza.

Mama Lishe Stendi
Pole sana dada. Hilo sikulijua.

Jirani wa Msikitini
Amani kwenu. Mimi ni Muislamu, naingia kwa adabu. Neno zaka na sisi tunalo, ila kwetu wanaostahili wametajwa kwenye Qurani, Sura At-Tawba aya ya 60, makundi manane, wa kwanza mafukara na maskini. Hivyo kwetu mjane wa namna hiyo asiye na kitu, kumpa ni zaka halisi. Nimeshangaa kusikia kwenu linabishaniwa.

Jembe Mkononi
Ndugu, kwenu ni asilimia mbili na nusu, kwetu ni kumi kamili. Vitu viwili tofauti, tusichanganye.

Mtoto wa Machame
Asante Jirani. Ndiyo maana bibi yangu hakusema zaka, alisema fungu la kumi, na kila mtu alielewa.

Fundi, mimi ningesema lipa kodi ya huyo mama. Lakini tuseme na jambo lingine, maana hatuwatendei haki maskini hata ndani ya ibada. Angalieni mnada baada ya ibada. Mjane analeta yai moja, maana ndilo alilonalo. Linanadiwa pale nje, mwenye gari anataja elfu hamsini, vigelegele, anapigwa picha. Mjane anarudi nyumbani hana yai wala hela. Yesu alisema mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kuume. Pale mkono wa kushoto unashika kipaza sauti.

Mama Mkungu
Mtoto wa Machame, mimi ndiye huyo mjane wa yai. Naomba unisikilize vizuri.

Mume wangu alifariki 2009. Sina mshahara, sina bahasha. Nina kuku na migomba. Nikileta yai langu linapokelewa madhabahuni sawa na bahasha ya mkurugenzi, hakuna anayeniuliza kwa nini dogo. Likinadiwa, likifika elfu hamsini, mimi nyuma pale najua lile ni yai LANGU limefanya kazi ya elfu hamsini. Wewe unanionea huruma, nani alikuomba? Mjane wa Luka 21 alitoa senti mbili na Yesu hakumzuia. Unataka sisi maskini tuwe wa kupewa tu, tusiwe watoaji?

Mtoto wa Machame
Mama shikamoo, nakuomba radhi, sikukusudia kukudharau. Nilimsema mnunuzi.

Mama Mkungu
Marahaba. Mnunuzi naye ana roho. Mmoja wao alinunua mkungu wangu, akaushusha mwenyewe mlangoni kwangu jioni, giza limeingia. Hukuona hilo kwa sababu hakupiga picha.

Kwaya Kuu Besi
Mama umesema kweli tupu. Kwetu mnada ndio uliomaliza kuezeka kanisa.

Nyikani
Mnaruka kitu kimoja kuhusu mjane wa senti mbili. Mstari ulio kabla yake, mwisho wa Luka 20, Yesu anawaonya watu juu ya waandishi wanaokula nyumba za wajane. Hapohapo anainua macho, mjane anatumbukiza riziki yake yote. Mimi sisomi pale sifa peke yake. Nasoma pia kilio juu ya hekalu lililomwacha mjane abaki na senti mbili.

Na kwa Fundi: Marko 7:9-13. Watu walikuwa wanasema mali hii ni Korbani, ni wakfu kwa Mungu, wasipate kuwatunza wazazi wao. Yesu akawaambia mnalitangua neno la Mungu kwa mapokeo yenu. Yaani inawezekana mtu akamnyima mhitaji kwa jina la sadaka, na Yesu akakataa. Naomba Binti au mzee wa kanisa yeyote ajibu hilo.

Kwaya Kuu Besi
Nyikani unataka kusema Yesu hakumsifu mjane? Huo ni usomaji wa wapi? Miaka yote tumefundishwa alimsifu.

Mtetezi
Mnada wenyewe kuna mahali wazee wamepanga bei ya kuanzia. Kuku haanzi chini ya elfu thelathini. Mtu wa elfu kumi asinunue kuku wa Bwana?

Mama Mkungu
Kwetu hakuna hilo.

Mtetezi
Kwetu lipo, mama. Niliondoka na aibu yangu.

Wa Kiambu
Wadau, sisi huku Kenya tulitoka kwa mayai kitambo, tulifika kwa mamilioni. Novemba 2024 Rais Ruto alienda kanisa Katoliki la Soweto, Kahawa West, akatoa laki sita za kwaya na milioni mbili za nyumba ya padri. Kesho yake Askofu Mkuu Philip Anyolo akaagiza zirudishwe. Hiyo ilikuwa miezi tu baada ya vijana kuandamana barabarani na kuuliza makanisa: hizi pesa za harambee mnapokea mnajua zimetoka wapi? Kwa hivyo swali si kutoa tu. Kama pesa ilitolewa mfukoni mwa maskini kwanza, kuirudisha kanisani kwa kamera si kumpa maskini.

Jembe Mkononi
Usituletee siasa za kwenu hapa. Fundi ameuliza laki na ishirini aliyoipata kwa jasho.

Wa Kiambu
Na wewe ndiye ulianza na mstari ambao haupo.

Katekista Mstaafu
Wanangu. Sisi Wakatoliki kinachotusaidia ni jumuiya ndogondogo. Nyumba kumi au kumi na tano mnakutana kila wiki, mnajua nani hajapika. Papa Fransisko aliweka Siku ya Maskini Duniani, ikaadhimishwa mara ya kwanza Novemba 2017, lakini jumuiya hai haisubiri Novemba. Fundi, huyo mama angekuwa jumuiya yetu tungeshakaa na suala lake.

Kaburi la Kaka
Mzee, samahani, nimesoma kimya tangu mwanzo lakini hapa nashindwa. Kaka yangu alipofariki tuliambiwa hana kadi ya jumuiya iliyolipiwa, michango ya miaka miwili. Alikuwa mgonjwa hiyo miaka miwili! Hakuna hata mmoja wa jumuiya aliyekuja kumwona. Maiti imo ndani, mama yangu anazunguka kwa majirani na daftari anatafuta hela za madeni ya marehemu ili aje mtu wa kusali. Aliyeziba lile pengo ni mwenye duka, tena si Mkristo. Sitataja parokia. Ila msiniambie jumuiya inajua nani hajapika. Inajua nani hajalipa.

Katekista Mstaafu
Mwanangu, sina la kutetea hapo. Mimi mwenyewe nimewahi kushika lile daftari la michango, na niliwahi kuuliza "amelipa?" kabla sijauliza "ameuguaje?" Nakuomba msamaha wewe na mama yako.

Kaburi la Kaka
Nimekusikia mzee. Wewe ni wa kwanza kusema hivyo.

Binti wa Misheni
Nami sikubaliani na kuzuia mazishi kwa michango, kokote. Lakini tusilitupe kanisa lote. Hospitali ya KCMC pale Moshi, iliyofunguliwa 1971, inamilikiwa na shirika lenye jina la Msamaria Mwema. Mtu mmoja na bahasha yake hajengi hospitali. Mitume nao, Matendo 6, wajane wa Wayahudi wa Kiyunani waliposahaulika kwenye huduma ya kila siku hawakusema kila mtu agawe kivyake. Waliteua watu saba.

Nyikani
Naam, waliteua saba ili wajane WAPATE KULA. Sasa Korbani utajibu lini, dada?

Mtetezi
Hospitali hiyo mjane bila bima anatibiwa?

Binti wa Misheni
Unamuuliza nani, mimi ndiye mhasibu?

Kwaya Kuu Besi
Narudi kwenye mjane wa senti mbili. Nimemuuliza mchungaji wangu, amesema Yesu alimsifu.

Mama Lishe Stendi
Jamani. Tangu jana mnabishana yai. Kuna aliyeuliza huyo mama amefikia wapi? Fundi, upo?

Fundi Geji
Nipo, nilikuwa juu ya paa. Nimesoma yote. Mwenye nyumba amesema mwisho Ijumaa, na mlango ameshauwekea kufuli la pili, watoto wanalala kwangu na wangu. Jana usiku nilifungua bahasha, nikatoa elfu themanini nikampelekea mwenye nyumba, akapokea kama miezi miwili na anataka wa tatu. Elfu arobaini iliyobaki ipo ndani ya bahasha bado. Sijui Jumapili niandike nini pale kwenye mstari wa zaka. Nikiandika arobaini katibu ataona nimeshuka, na majina yanabandikwa ukutani.

Mama Lishe Stendi
Mimi natoa kumi. Nitumie njia ya kukupata pembeni, usiweke namba hapa.

Mama Mkungu
Nina mkungu mmoja wa ndizi mshare, nitautuma na gari la asubuhi. Waule, wasiuuze.

Jembe Mkononi
Kumi na tano. Mwambie ni ya mihogo, nimelipa mbele.

Binti wa Misheni
Kaka, andika arobaini. Katibu akiuliza mwambie themanini zilifika kabla ya ibada. Na kama mchungaji wako atakuita nami niko tayari kuongea naye, tena kwa simu yangu. Nyikani, Korbani nitakujibu. Bado naisoma.

Kwaya Kuu Besi
Halafu huyo Mtetezi atutajie ni usharika gani kuku anaanzia elfu thelathini, maana hilo si jambo la kupita hivihivi.